Benki ya kapasita kiwandani: namna ya kukadiria ukubwa wake na gharama ya kukosea

Mwenye kiwanda cha kusaga nafaka nchini Kenya au Tanzania, akiwa katika kundi la wateja wakubwa wa umeme, hukuta kwenye ankara yake mistari miwili mikuu. Wa kwanza ni wa uniti alizotumia, nao anauelewa. Wa pili ni wa mahitaji ya juu kabisa ya mwezi, ambayo hupimwa kwa kilovolti-ampea, na mara nyingi hauendi sambamba na magunia ya unga aliyouza. Sehemu ya malipo hayo inatokana na umeme ambao mota zake huuchukua na kuurudisha kwenye gridi bila kuufanyia kazi yoyote.

Dawa ya hali hiyo inajulikana tangu zamani. Ni benki ya kapasita, yaani kundi la kapasita kadhaa zilizofungwa pamoja ndani ya kabati la chuma karibu na swichi kuu ya kiwanda. Kinachokosewa mara kwa mara ni ukubwa wake. Benki ndogo mno humwacha mwenye kiwanda akiendelea kulipa. Kubwa mno hupandisha volteji na kuunguza vifaa. Na ile iliyonunuliwa bila kuangalia ni mashine gani zimo kiwandani inaweza kupasuka, hata kama hesabu yake ya kwanza ilikuwa sahihi.

Umeme unaokwenda na kurudi

Mota za kawaida za viwandani, zile zinazoendesha mashine za kusaga, kukoboa, kupasua mbao na kuvuta maji, haziwezi kuzunguka bila kujenga sumaku ndani yake. Katika gridi ya Hezi 50, sumaku hiyo hujengwa na kubomoka mara 100 katika kila sekunde. Umeme wa kuijenga hutoka kwenye gridi, hurudi pale sumaku inapobomoka, kisha hutoka tena. Haugeuki kuwa unga wala mbao. Hata hivyo hupita kwenye nyaya na transfoma zilezile na kuchukua nafasi humo, mfano wa abiria anayepanda na kushuka kwenye daladala kutwa nzima bila kulipa nauli: haongezi pato la mwenye gari, ila kiti amekikalia.

Ndiyo maana mafundi hutofautisha nguvu tatu. Nguvu ya kazi, inayopimwa kwa kilowati (kW), ndiyo inayozungusha kinu. Nguvu ya sumaku, inayopimwa kwa kilovari (kVAr), ndiyo inayokwenda na kurudi. Nguvu ya jumla, inayopimwa kwa kilovolti-ampea (kVA), ndiyo mzigo wote unaobebwa na waya. Hizi hazijumlishwi kama shilingi. Zinahusiana kama pande za pembetatu mraba ambayo upande wake mrefu ni nguvu ya jumla. Nguvu ya kazi ikigawanywa kwa nguvu ya jumla hupatikana uwiano ambao mafundi wa Afrika Mashariki huuita pawa fakta. Ukiwa 1, waya haubebi kitu cha bure. Ukiwa 0.7, nguvu ya sumaku inayopita kwenye waya inalingana na nguvu ya kazi, au kuizidi kidogo.

Kapasita hufanya kinyume cha mota. Wakati mota inapohitaji umeme wa kujengea sumaku, kapasita hutoa. Sumaku inapobomoka, kapasita hupokea. Vikikaa jirani, hubadilishana vyenyewe, na waya wa kutoka gridini hubaki na kazi ya kuleta nguvu ya kazi peke yake.

Mashirika ya umeme yana sababu nzito ya kulijali jambo hili. Joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, alipotetea mpango wa kununua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, alitaja upotevu unaotokea umeme unaposafirishwa kutoka mitambo iliyo mbali. Nguvu ya sumaku ikisafiri umbali huohuo, huongeza upotevu bila kumwashia mtu taa. Kuizalisha palepale inapohitajika, ndani ya kiwanda, ni nafuu kwa pande zote mbili.

Tarife za nchi hizi mbili hulisukuma jambo hilo kwa njia tofauti. Tanzania huwatoza wateja wakubwa malipo ya kila mwezi kwa kila kVA ya mahitaji ya juu kabisa, kwa hiyo pawa fakta mbaya hujitokeza yenyewe kwenye mstari huo. Kenya nayo hutoza kwa kVA, na juu yake huweka adhabu kwa mteja ambaye pawa fakta yake iko chini ya 0.9: nyongeza ya asilimia 2 ya malipo ya mahitaji na ya nishati isiyohusisha gharama za mafuta, kwa kila asilimia 1 iliyopungua.

Hesabu yenyewe

Tuchukue kiwanda cha mfano chenye mahitaji ya kW 200 na pawa fakta ya 0.72, kinachopata umeme wa volti 400 kupitia transfoma ya kVA 315. Nguvu yake ya jumla ni 200 gawanya kwa 0.72, yaani kVA 278. Kutokana na pembetatu iliyotajwa, nguvu ya sumaku ni kVAr 193, ambayo ni sawa na kVAr 0.964 kwa kila kilowati.

Mwenye kiwanda anataka kufikia 0.95. Katika pawa fakta hiyo, kila kilowati huambatana na kVAr 0.329 tu. Tofauti ya namba hizo mbili ni 0.635, ikizidishwa kwa kW 200, jibu ni kVAr 127. Huo ndio ukubwa wa benki inayohitajika. Namba hizo za kwa kila kilowati ni tanjenti za pembe ambazo kosaini zake ni pawa fakta husika, na vitabu vya watengenezaji huwa na jedwali lake, hivyo fundi asiyependa hesabu za pembe anaweza kusoma jibu moja kwa moja.

Baada ya kufunga kVAr 127, nguvu ya jumla hushuka kutoka kVA 278 hadi kVA 211. Mkondo hushuka kutoka ampea 401 hadi 304. Kama malipo ya mahitaji yangekuwa shilingi 15,000 za Tanzania kwa kVA, kiwanda hicho kingeokoa takriban shilingi milioni 1 kila mwezi. Kingekuwa Kenya, kingeepuka nyongeza ya asilimia 36, maana 0.72 iko pointi 18 chini ya 0.9.

Faida nyingine haionekani kwenye ankara. Mwenye kiwanda huyo akitaka kuongeza mashine ya kW 50 bila kurekebisha chochote, mzigo wake utafika kVA 347, juu ya uwezo wa transfoma, na ataambiwa anunue kubwa zaidi. Akirekebisha mpaka 0.95, mzigo wote wa kW 250 utakuwa kVA 263 tu, na transfoma aliyonayo itatosha. Kwa wengi, gharama ya transfoma mpya waliyoiepuka ndiyo iliyolipia kapasita.

Swali la kawaida ni hili: kwa nini kuishia 0.95 badala ya kufika 1? Jibu limo katika hesabu ileile. KVAr 127 za kwanza zimepunguza kVA 67. Ili kutoka 0.95 hadi 1 zinahitajika kVAr 66 zaidi, na zitapunguza kVA kama 10 na nusu tu. Kwa kila kVAr iliyonunuliwa, faida imeshuka hadi chini ya theluthi moja ya ile ya mwanzo. Isitoshe, anayelenga 1 hupita 1 kila mzigo unapopungua, na hapo kapasita huanza kusukuma umeme kuelekea gridini na kupandisha volteji ya kiwanda. Lengo la 0.95, au 0.97 pale ambapo bei ya kVA ni kubwa sana, ndilo la busara.

Kapasita zinazouzwa majumbani

Hapa inafaa kutaja vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyonadiwa sokoni kuwa vinapunguza bili ya umeme nyumbani. Vingi vyake ni kapasita ndogo ndani ya kasha la plastiki. Mteja wa nyumbani anayenunua umeme kwa LUKU Tanzania, kwa tokeni Kenya au kwa Cash Power Rwanda na Burundi hulipia kilowati-saa pekee. Mita yake haimtozi nguvu ya sumaku hata kidogo. Kifaa hicho, hata kikiwa kizima, hakina cha kumpunguzia. Fedha hizo zinunue taa za LED.

Kupima kabla ya kununua

Kosa la kwanza la wengi ni kujumlisha kilowati zilizoandikwa kwenye vibati vya mota na kuzipigia hesabu. Kibati hueleza mota ikiwa imebeba mzigo wake kamili. Mota nyingi kiwandani ni kubwa kuliko kazi zinazofanya, na mota iliyobeba nusu ya mzigo huwa na pawa fakta mbaya zaidi kuliko ile ya kwenye kibati, kwa sababu sumaku yake haipungui hata kazi inapopungua. Kinachotakiwa ni kuweka kifaa cha kurekodi kwenye swichi kuu kwa muda usiopungua wiki moja, katika msimu wa kazi nyingi. Pale ambapo hakuna kifaa hicho, ankara za miezi 12 husaidia, ingawa huficha namna mzigo unavyobadilika ndani ya siku.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua kama benki iwe ya kudumu au ya hatua. Kapasita ya kudumu inafaa kwa mzigo usiobadilika, kama pampu inayofanya kazi usiku na mchana. Kiwanda chenye mashine zinazowashwa na kuzimwa kwa zamu kinahitaji kabati lenye kidhibiti kinachoingiza na kutoa hatua moja moja. Kwa mfano wetu, kabati la kVAr 150 lenye hatua za 12.5, 12.5, 25, 50 na 50 lingefaa, maana laweza kufuata mzigo kwa kuruka kVAr 12.5 kila mara.

Kidhibiti hicho huona mkondo kupitia transfoma ndogo ya kupimia inayozunguka waya mkuu. Lazima ikae mahali ambapo mkondo wa mashine na wa kapasita yote miwili hupita. Ikifungwa upande wa mashine peke yake, kidhibiti hakitaona kazi ya kapasita. Kitaingiza hatua moja baada ya nyingine mpaka ziishe, na mwenye kiwanda ataendelea kushangaa kwa nini kabati jipya linatoa namba za ajabu.

Kosa jingine liko kwenye volteji. Nguvu ya kapasita hubadilika kwa mraba wa volteji. Kapasita iliyoandikwa kVAr 50 kwa volti 440, ikifungwa kwenye volti 400, hutoa kVAr 41 tu. Kwa hiyo anayehitaji kVAr 127 halisi na kununua kapasita za volti 440, chaguo zuri kwa ajili ya uimara, lazima ahesabu kVAr 154 za kwenye kibati. Kabati letu la 150 likiwa limeandikwa kwa volti 440 lingepungukiwa kidogo. Wauzaji wasio waangalifu hulitaja jambo hili mara chache.

Hatari ya mlio wa pamoja

Miaka ya nyuma hesabu ingeweza kuishia hapo. Leo viwanda vimejaa vifaa vya elektroniki vya kudhibiti kasi ya mota, na vifaa hivyo havivuti mkondo kwa wimbi laini. Huukatakata, na vipande hivyo hurudi kwenye mfumo kama mikondo yenye masafa makubwa zaidi, inayoitwa hamoniki. Vya kawaida vya fezi tatu hutoa hasa ya tano na ya saba, yaani Hezi 250 na Hezi 350.

Transfoma na kapasita vikiwa pamoja vina masafa yao wenyewe ya kuitikia, kama ngoma iliyokazwa inavyoitikia sauti moja kuliko nyingine. Yakiangukia kwenye hamoniki iliyopo, mkondo hukua mara nyingi. Masafa hayo yanakadiriwa kwa kugawanya uwezo wa transfoma wakati wa shoti kwa kVAr zilizowashwa, kisha kutafuta kipeo cha pili cha jibu. Transfoma yetu ya kVA 315 yenye ukinzani wa asilimia 4 ina uwezo wa shoti wa kVA 7,875. Kabati likiwa na kVAr 50 tu, jibu ni 12.5, ambapo hakuna hatari kubwa. Likiwa na kVAr 100, ni 8.9. Hatua zote 150 zikiingia, ni 7.2, yaani takriban Hezi 362, hatua chache tu kutoka hamoniki ya saba.

Maana yake ni kwamba kabati hilohilo linaweza kufanya kazi kwa utulivu asubuhi, mashine chache zikiwa zimewashwa, na kuanza kuunguza fyuzi mchana kiwanda kinapojaa. Fundi akibadilisha fyuzi na kuweka kubwa zaidi, ameondoa kinga pekee iliyokuwepo. Kinachofuata ni kapasita kuvimba, kuvuja au kushika moto.

Watengenezaji wengi hushauri kwamba vifaa vya kutoa hamoniki vikizidi takriban asilimia 15 ya uwezo wa transfoma, kapasita za kawaida zisitumike peke yake. Kinachofaa ni kufunga koili mbele ya kila hatua. Koili ya asilimia 7, iliyo maarufu zaidi, hushusha masafa ya kuitikia ya hatua hiyo hadi Hezi 189, chini ya hamoniki ya tano, mahali ambapo kwa kawaida hakuna kitu cha kuitikiwa. Gharama huongezeka, na koili hiyo hupandisha volteji kwenye kapasita kutoka 400 hadi 430, hivyo kapasita lazima ziwe za volteji ya juu zaidi. Hakuna njia ya mkato: koili haichanganywi na kapasita za zamani zilizokuwepo bila kuhesabu upya.

Jenereta, sola na mota moja moja

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, benki ya kapasita lazima ijitoe pale jenereta ya dizeli inapochukua mzigo, isipokuwa kama mfumo umepangwa makusudi kwa hali hiyo. Jenereta yenye mzigo mdogo ikikutana na kapasita nyingi hushindwa kudhibiti volteji yake, nayo hupanda ghafla. Kinachoungua kwanza huwa ni kompyuta, mizani za kielektroniki na vidhibiti vya mashine.

Sola juu ya paa la kiwanda imeleta fumbo jipya. Paneli hutoa nguvu ya kazi, lakini mota huendelea kudai sumaku yake yote. Kiwanda chetu kikipata kW 100 za jua saa sita mchana, gridi italeta kW 100 zilizobaki pamoja na kVAr 66 zisizofunikwa na benki, na pawa fakta inayoonwa na mita itashuka kutoka 0.95 hadi 0.83. Mwenye kiwanda anaweza kutozwa adhabu mwezi uleule aliopunguza uniti. Anayepanga kufunga sola afanye hesabu ya kapasita kwa kilowati zitakazonunuliwa gridini baada ya sola kuwaka, au aulize kama inveta zake zinaweza kutoa nguvu ya sumaku zenyewe; nyingi za kisasa zinaweza.

Kwa mota kubwa inayofanya kazi saa nyingi, kapasita inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye mota hiyo, ikawaka na kuzimika nayo. Hapo kikomo ni kimoja: isizidi asilimia 90 ya nguvu ya sumaku ambayo mota huvuta ikizunguka bila mzigo. Mota ya volti 400 iliyopimwa ampea 23 ikiwa haina mzigo isifungiwe zaidi ya kVAr 14. Ikizidi, mota inayoendelea kuzunguka baada ya kuzimwa hugeuka jenereta, na volteji kwenye ncha zake hupanda kupita ile ya gridi.

Nyaya, fyuzi na swichi za kapasita huchaguliwa kwa mkondo mkubwa kuliko ule wa hesabu, kwa kuwa kapasita huruhusiwa kubeba mpaka mara 1.3 ya mkondo wake wa kawaida. KVAr 150 kwenye volti 400 ni ampea 217. Nyaya zihesabiwe kwa ampea 280 na zaidi. Kontakta ziwe za aina iliyotengenezwa kwa kapasita, zenye rezista za kupunguza mshtuko wa kuwasha. Joto hufupisha maisha ya kapasita kuliko jambo jingine lolote, na katika viwanda vya unga vumbi huziba matundu ya hewa ya kabati ndani ya wiki chache.

Kapasita iliyozimwa haijafa. Kiwango cha kimataifa cha kapasita za volteji ndogo hutaka ziwe na rezista za kuzimua chaji hadi volti 75 ndani ya dakika tatu, lakini rezista hukatika bila kuonyesha dalili. Fundi hungoja muda huo, hupima kwa mita, huunganisha ncha zote na waya wa ardhi, ndipo hugusa.

Tahadhari ya pekee inahusu kapasita kuukuu zinazopatikana katika viwanda vya zamani au kwa wauza vyuma chakavu. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 zina mafuta yenye kemikali za PCB, ambazo hukaa mwilini na kwenye udongo kwa miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye kemikali hizo, na mwaka 2028 kuwa mwisho wa kuziteketeza kwa njia salama. Kapasita ya aina hiyo haipasuliwi kwa ajili ya shaba, wala mafuta yake hayamwagwi; hukabidhiwa mamlaka ya mazingira ya nchi husika ikiwa nzima.

Baada ya kabati kufungwa, mita huwekwa tena kwa wiki moja hatua zote zikiwa zimepata nafasi ya kuingia, na mkondo wa kila kapasita hupimwa na kuandikwa. Namba hizo ndizo fundi atakazolinganisha nazo kila baada ya miezi sita: kapasita ambayo mkondo wake umeshuka imechakaa, na ile ambayo mkondo wake umepanda imekutana na hamoniki ambazo hazikuwepo siku ya kwanza, pengine kwa sababu kiwanda, au jirani anayelishwa na transfoma hiyohiyo, ameleta mashine mpya.